Bi Bado na Kitabu cha Vibogoyo

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Bi Bado atalishusha pazia la dirisha la mapokezi la kliniki yetu ya meno, baada ya kulipandisha na kulishusha kwa miaka thelathini na minne. Jumatatu yake litapandishwa na mtu mwingine. Wagonjwa wengi hawalijui jina lake la kwenye kitambulisho, na hata mhasibu, ambaye analazimika kulijua, hulitamka kama mtu anayesoma jina la dawa ngeni.

Jina la Bi Bado alipewa na watoto wa kwenye benchi. Kila aliyekwenda dirishani kuuliza kama zamu yake imefika alijibiwa neno moja, bila macho kuinuliwa kwenye kadi: "Bado." Hakuna aliyewahi kukasirishwa na neno hilo. Mtu anayesubiri kung'olewa gego akiambiwa bado, huwa amepewa habari njema.

Tangu tangazo la kustaafu kwake libandikwe ubaoni, hakuna aliyeuliza nani atakaa dirishani. Kiti hakikosi mkaaji. Swali lililozunguka kuanzia chumba cha eksirei mpaka chumba chetu cha nyuma, tunakotengeneza meno bandia, lilikuwa moja: kitabu kitakwenda wapi? Makala haya yanamhusu Bi Bado, lakini atakayeyasoma bila kukifahamu kitabu atakuwa kama aliyealikwa harusini akamwona bwana harusi peke yake.

Alikuja kwa miezi mitatu. Mpokezi wa wakati ule alikuwa anakwenda kujifungua, na Bi Bado akaletwa kumshikia nafasi. Yule mama alijifungua salama, mtoto akakua, akaota meno, akaja kuyang'olewa hapahapa, na aliyempokea dirishani alikuwa Bi Bado, bado anashika nafasi.

Alitukuta na foleni ya karatasi. Kila mgonjwa alipewa kipande chenye namba, na watoto wakavila. Bi Bado akamwendea seremala, akarudi na vibao vidogo vya mbao ngumu vilivyochongwa namba. Watoto wakaendelea kuvitafuna, lakini sasa namba zilibaki, na Daktari mkuu alipata nafasi ya kuangalia meno kabla mtoto hajaingia ndani.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Fundi mmoja wa magari, mwenye mabega ya kujaza mlango, aliwahi kuchomoka kwenye kiti cha matibabu alipoliona koleo, akapita mapokezi mbio na kitambaa cha kliniki shingoni. Bi Bado alitoka nyuma yake hadi barabarani. Wote tulidhani amekwenda kumrudisha. Alikwenda kuchukua kitambaa. "Jino ni lako, baba," alimwambia, "kitambaa ni cha kliniki." Kesho yake asubuhi fundi alikuwa wa kwanza mlangoni, mpole kama aliyetumwa dukani na mama yake.

Sifa yake nyingine ni lugha. Hapa kliniki kuna lugha isiyofundishwa shuleni, nayo ni lugha ya ganzi. Mgonjwa aliyetoka kuchomwa sindano hana ulimi wala midomo ya kutegemea, na sauti ya kwanza kumtoroka ni s. Sasa inakuwa thatha. Sijui inakuwa thijui. Mwalimu mmoja wa hesabu alipoulizwa namba yake ya simu alitaja thaba thita thaba thita, akasimama kwa aibu katikati. Ni Bi Bado aliyetutungia kanuni ambayo kila mfanyakazi mpya huisikia kabla hajaonyeshwa choo kilipo: ukisikia th, rudisha s, utaelewa. Msomaji aishike kanuni hiyo, maana imeleta mambo.

Sasa kitabu. Kilifika kliniki kwa bahati, mwaka wake wa kwanza wa kazi. Nyumbani kwake mafundi walikuwa wanapaka rangi, na Bi Bado hajawahi kumwamini fundi wa rangi, kwa hiyo vitu vyake vya maana alivibeba kwenye mkoba: cheti cha ndoa, pete ya mama yake, na kitabu cha picha alichokuwa nacho tangu utotoni. Ilikuwa likizo ya shule, benchi limejaa. Ndani mtoto mmoja akapiga ukelele. Kilio cha meno huambukiza kuliko mafua. Wa kwanza kwenye benchi akadaka, wa pili akapokea, na kabla ya dakika kupita benchi zima lilikuwa linaimba kwa sauti nne. Bi Bado akatoka dirishani, akakaa kwenye kigoda mbele yao, akafungua mkoba.

Kitabu hakina jalada, lilikwisha kabla yeye hajaanza shule. Jina lake halijulikani, na watoto wakakipa la kwao: Kitabu cha Vibogoyo. Kinamhusu msichana mdogo aliyeng'oka meno mawili ya mbele, na wenzake wakawa wanamwita Dirisha. Akaona haya, akaacha kuongea shuleni. Jirani yake ni mzee seremala asiye na jino hata moja, ambaye nyumba yake imejaa viti alivyovitengeneza na hakuna anayevikalia, maana watoto wake walikwenda mbali. Siku moja msichana anapita, mzee anamsalimu kwa mapengo yake, na msichana anajibu kwa mapengo yake. Wanacheka. Kuanzia hapo kila jioni anakwenda kukalia kiti kimoja, na wanakula papai pamoja, kwa sababu papai halimwombi mtu meno. Kisha meno ya msichana yanaota. Anaogopa kwenda kwa mzee, asije akaonekana amemsaliti. Ukurasa wa mwisho unamwonyesha mlangoni, meno mapya yote nje, na nyuma yake kuna mdogo wake mwenye pengo. Mzee anasogeza viti viwili, anasema neno lake la mwisho, na hadithi imekwisha.

Bi Bado alikisoma kwa namna yake. Kila mzee au msichana alipoongea, s zote ziliondoka. "Karibu thana, kibogoyo mwenzangu, thimama hapo nikuone." Watoto walisahau walichokuja kukiogopa. Wenye mapengo walianza kumjibu, na wasio na mapengo waliona wivu. Kutoka siku hiyo kitabu hakikurudi nyumbani. Kimepita mikono mingi kiasi kwamba kurasa zake zimeshikizwa kwa plasta za vidonda, na uti wake aliushona Daktari mkuu kwa uzi wa kushonea fizi. Ni kitabu pekee tunachokijua kilichofanyiwa upasuaji.

Namna hiyo ya kusoma aliirithi. Bi Bado alilelewa na babu mzaa mama, aliyekuwa bawabu wa ghala, na babu huyo hakuwa na jino hata la kutilia dawa. Kila jioni alimpakata mjukuu wake akamsomea kitabu hicho kimoja, kwa sababu nyumba ilikuwa na kitabu hicho kimoja. Mtoto hakujua kusoma. Alishika maneno yalivyotoka kinywani mwa babu, na yalipokwisha kuingia hakuhitaji tena herufi. Alipoanza kusomea watoto wa benchi alikishika kitabu kama wasomaji wote wazuri wa watoto wanavyokishika, picha zikiwaelekea wasikilizaji, herufi zikiwa upande wao. Yeye aliona mgongo wa kitabu na nyuso za watoto. Maneno yalitoka kichwani.

Basi ukurasa wa mwisho, mzee akisogeza viti viwili, Bi Bado alishusha sauti na kusema: "Bila mtu wa kukaa, thamani haina thamani."

Neno hilo lilisafiri. Akina mama waliosubiri na watoto wao walitikisa vichwa taratibu. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alilibandika ukutani juu ya mashine yake, na mteja wake mmoja akaahirisha kudai suruali ili alitafakari. Tulipofungua jengo jipya, Daktari mkuu alimalizia nalo hotuba yake, akisema kama wahenga walivyonena, thamani haina thamani. Mgeni rasmi alilirudia mara mbili, ya pili kwa upole zaidi. Makofi yalikuwa marefu. Hakuna aliyeelewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoelewa.

Miaka mitatu iliyopita aliletwa kwetu mzee tunayemwita Mzee Redio. Alikuwa fundi wa redio maisha yake yote, na kwa maelezo ya binti yake aliyemleta, yeye mwenyewe alikuwa redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Kisha meno yakamwisha. Wajukuu wakacheka siku moja alipoomba sukari mezani, utani tu wa babu na wajukuu, lakini yeye akafunga kinywa. Miezi ilipita nyumbani akiongea kwa mikono. Binti yake aliongea kwa niaba yake dirishani, na mzee akaenda kukaa mwisho wa benchi kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

Bi Bado alikuwa anasoma. Mzee Redio alisikia mwanamke mzima, mwenye meno yake yote, akisema thukari mbele ya kadamnasi, na watoto wanamsikiliza kama hakimu. Akasogea. Akasogea tena. Simu ya dirishani ikalia, na Bi Bado, ambaye hakuwahi kuiacha simu ilie mara tatu, akamtupia kitabu mapajani. "Shika, mzee wangu. Malizia."

Mtoto mmoja akamwambia kwa adabu kwamba wamefika kwenye papai. Mzee Redio akafungua kinywa. Alimaliza kurasa zote zilizobaki, s zake zikiwa zimepotea kihalali, na alipofunga kitabu msichana aliyekaa karibu naye akatoa hukumu: "Huyu anajua kuliko Bi Bado. Yake ni ya kweli." Binti yake alikuwa ameegemea ukuta, anajifuta macho kwa kadi ya kliniki. Tulilazimika kumpa nyingine.

Sisi wa chumba cha nyuma tulimtengenezea meno kamili, juu na chini, na tunathubutu kusema ni kazi nzuri. Akayavaa. Anakula nyama, anacheka bila mkono mdomoni, nyumbani redio imewaka tena na binti yake ameanza kuikumbuka ile miezi ya utulivu. Lakini Jumanne yake ya kwanza kwenye benchi akiwa na meno mapya, alisoma "karibu sana" na watoto wakanung'unika kwamba amesahau kusoma. Tangu hapo, akikaa kwenye benchi hugeukia ukuta, huyatoa, huyafunga kwenye leso na kuyatia mfukoni. Tulipomlalamikia alitujibu kwa utulivu: "Haya ni ya kulia, wanangu. Ya kusomea sinayo." Kila Jumanne anakuja. Akiulizwa sababu, anasema meno yanambana. Hayambani. Tunayajua meno yetu.

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Siku alipozaliwa mjukuu wa kwanza wa Bi Bado, mtoto wa mwanawe wa kiume, bibi alimshika akatamka mbele ya ukoo mzima kwamba kitabu ni cha mtoto huyu, atakabidhiwa siku atakayoota pengo. Ilikuwa ahadi rahisi. Mtoto alikuwa na siku moja, hata meno hakuwa nayo. Lakini ahadi ni deni, na mwezi uliopita, katika juma lilelile tangazo la kustaafu lilipobandikwa, mwanawe alipiga simu kusema meno mawili ya mbele yamekwenda kwa pamoja, moja kwa kutikiswa na la pili kwa kuanguka kwenye ngazi. Mjukuu, ambaye sasa ana miaka sita, alichukua simu na kusema sentensi moja: "Bibi, niko tayari."

Mzee Redio alizipata habari kwenye benchi, ambako hakuna siri. Hakulalamika. Aliyavaa meno yake, akaaga, na Jumanne iliyofuata hakuonekana. Iliyofuata pia hakuonekana. Binti yake alipiga simu dirishani kuuliza kama baba yake ameudhiwa na mtu, maana ameanza tena kuonyesha chumvi kwa kidole.

Bi Bado alikuwa na kitabu kimoja na watu wawili. Mtaalamu wa eksirei, ambaye huamini kila kitu kinaweza kupigwa picha, alijitolea kukitoa nakala. Zilitoka za kijivu. Seremala wa kitabuni akawa anaonekana mifupa, na mtoto wa kwanza kuonyeshwa aliuliza huyu anaumwa nini. Nakala zikaenda kufungia vibao vya namba. Sisi wengine tukaanza kumwendea dirishani mmoja mmoja, kila mtu na ushauri wake, na kila mmoja akimalizia kwa kuuliza ameamuaje. Mwanamke aliyeijibu dunia nzima kwa neno moja kwa miaka thelathini na minne, safari hii alisema: "Sijui."

Likizo ilipoanza, mjukuu aliletwa. Ni mtoto mwembamba, mwenye maswali na pengo pana. Alisalimu kila aliyemzidi umri, akakaa kwenye benchi katikati ya wagonjwa, mikono mapajani, kusikiliza mali yake ikisomwa. Bi Bado akakaa kwenye kigoda, akainua kitabu, picha mbele. Watoto wa benchi hutazama picha. Wengi hawajui kusoma, na wanaojua wana meno ya kuwashughulisha. Huyu alikuwa amejua kusoma muhula uliotangulia likizo hiyo, na mtu aliyejua kusoma karibuni husoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi. Alifuata kwa kidole hewani. Alivumilia thatha, alivumilia thimama, kwa sababu aliona ni utani wa mapengo na yeye ni mwenye mapengo. Ukurasa wa mwisho ukafika, sauti ikashushwa, thamani haina thamani, na mjukuu akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Bibi, hapo hapajaandikwa hivyo. Hapo ni sa. Sa-ma-ni."

Bi Bado alikigeuza kitabu. Akavaa miwani. Mtu mmoja alikuwa dirishani anauliza kama zamu yake imefika, na hakujibiwa. Alisoma kwa midomo, mara moja, kisha mara ya pili: Bila mtu wa kukaa, samani haina thamani.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikahitaji kufutwa, kisha macho, kisha miwani tena. "Kumbe babu alikuwa anasema viti," alisema. "Viti tu. Mimi miaka yote hii nikidhani ananiachia siri kubwa." Kinyozi hajinyoi. Aliyetufundisha kurudisha s kwenye vinywa vya mji mzima hakuwahi kuirudisha kwenye kinywa cha babu yake. Wala si ajabu. Thatha halina maana nyingine, kila mtu anajua ni sasa iliyokosa meno. Thamani ni neno kamili, lina heshima zake, nani angelishuku?

Akawasomea tena jinsi lilivyoandikwa. Watoto walitazamana. "Aa," alisema mmoja, bila furaha, "kumbe ina maana." Daktari mkuu alikuwa amesimama mlangoni na barakoa shingoni. Alirudi ndani, na inaaminika alikuwa anaikumbuka hotuba.

Jioni ile, kwa simulizi ya Bi Bado mwenyewe, mjukuu alikabidhiwa kitabu kwa mikono miwili, kama ilivyoahidiwa. Alikipekua chote. Kisha akakirudisha. Alisema hicho cha kwenye karatasi anaweza kukisoma mwenyewe hata kesho, hata kwa rafiki yake mwenye meno. Yeye anataka cha Bibi, kile cha babu asiye na meno, na hicho hakimo humo. "Kibaki na yule mzee wa Jumanne," alisema, maana habari za Mzee Redio alikwisha zipata kwenye benchi. "Mimi utanisomea kwa mdomo." Bi Bado alimuuliza kama ana hakika, na mtoto akasema ana hakika thana.

Asubuhi yake alipiga simu kwa binti wa Mzee Redio. Tulikuwa karibu, hatukuwa tunasikiliza, lakini dirisha ni dogo na sauti yake si ndogo. "Mwambie baba Jumanne aje," alisema, "kitabu ni chake sasa, na kazi ni yake. Na mwambie asije na meno."

Alikuja nayo, kwa adabu, kwenye leso.

Limebaki la zawadi. Desturi ya kliniki kwa mstaafu ni saa ya ukutani, yaani mtu akishamaliza kuwahi maisha yake yote, tunampa kitu cha kumkumbusha amechelewa. Safari hii Daktari mkuu alitaka kitu bora zaidi. Asubuhi ya uamuzi huo alikuwa ametoka kuzibwa jino na mwenzake, shavu zima limelala. Akamkuta mtunza stoo wetu, Bwana Stoo, kwenye korido, akamwagiza kwa alichobakiwa nacho cha mdomo: Bi Bado atafutiwe kitu cha thamani.

Bwana Stoo ni mfanyakazi mwaminifu. Alisikia th, akaliona shavu, akairudisha s. Kitu cha samani. Na kwa bahati juma hilo viti vipya vya plastiki vilikuwa vimefika, vile vilivyounganishwa kwa bomba la chuma, na benchi la zamani la mapokezi lilikuwa linasubiri kutolewa nje. Akalipeleka kwa seremala likapigwa msasa na vanishi. Ukingo wa kushoto aliagiza usiguswe, kwa sababu una alama za meno ya utotoni ya watoto wa miaka yote, wengine wao leo wanawaleta wa kwao.

Lilirudi juzi, likashushwa mbele ya dirisha. Daktari mkuu, shavu limeamka, alimuuliza hili nini. Bwana Stoo akasema ndiyo zawadi, kama ulivyoagiza. Daktari akasema yeye aliagiza kitu cha thamani. "Ndiyo, Daktari," alijibu Bwana Stoo, "nami nikatafsiri."

Saa ya ukutani ingali inaweza kupatikana, na Daktari alikuwa ameanza kulisema hilo. Lakini Bi Bado alikwisha toka kwenye chumba chake, amezunguka, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne alikaa upande wa wanaosubiri. Alipapasa ukingo wa kushoto. Akasogea kidogo, akalipiga benchi kofi kumwita mjukuu wake, njoo ukae, na mtoto akapanda akakaa. Mbele yao, kwenye kiti cha plastiki, Mzee Redio alikuwa anaigeukia pembe ya ukuta kujiandaa na kazi. Daktari alitazama, akasema basi, liacheni.

Kwa hiyo wenye gari wajitokeze Ijumaa. Benchi linachukua watu wanne na uzito wa watu sita, na ngazi za kwake ni ndugu wa zile zilizomng'oa mjukuu jino la pili.

Bi Bado, kwa niaba ya madaktari, wauguzi, eksirei, stoo, uhasibu na sisi wa chumba cha nyuma, asante kwa mlango uliotufungulia na kilio ulichokituliza. Asante kwa kutuachia kitabu, na kwa kuondoka na kile kisichoandikika. Nenda ukapumzike, ukakae, na benchi lisikose wa kulikalia. Afya iwe nawe, na papai lisikuishie. Mapengo ya wajukuu yaje kwa zamu.

Na siku mtu akija hapo kwenye benchi akakuuliza kama umekwisha tusahau, tunaomba umjibu kama ulivyotujibu sote dirishani, bila hata kuinua macho.